Sanduku Lisiloonyeshwa Mwaloni

Habari za kifo cha Kaka Amisi zilinikuta shambani Simbo nikipalilia muhogo. Aliyenipigia simu hakuwa mtu wa kwao bali jirani yao wa zamani, na alianza kwa kuniulizia mvua. Nikajua kuna jambo. Mtu wa Ujiji hana haja na mvua ya Simbo. Akiiulizia, kuna neno analizungukia. Kaka Amisi alikuwa ameshazikwa huko huko ng'ambo alikokuwa akifanya kazi, wiki nzima ilikuwa imepita. Siku chache baadaye Bi Nyota, mama yake mdogo, akamwandikisha mjukuu ujumbe kwenye simu: nije siku ya arobaini, na baada ya hitima niseme maneno machache juu ya marehemu, kwa sababu ule mwaka aliorudi nyumbani mimi ndiye niliyempikia na kumfulia. Mwisho wa ujumbe kulikuwa na maneno mawili ambayo nadhani hayakuwa ya mjukuu: "Sema mazuri."

Nilikaa na maneno hayo mawili siku nyingi kuliko nilivyokaa na habari ya kifo. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, wala si msemaji. Darasa langu ni la saba, na kabla ya kurasa hizi sijaandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini kuna jambo la mwaka ule ambalo halijawahi kusemwa kwa sauti na yeyote kati yetu tuliolifanya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nikaona kama nitafungua mdomo mbele ya kaburi lisilokuwepo, kwanza niliweke jambo lenyewe kwenye karatasi, nione kama linasimama bila kuegemezwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bi Nyota alinichukua kwa kazi za nyumbani, na nyumba yake ilikuwa ile ya mtaa wa juu kidogo ya mwalo, ufukwe wa mitumbwi ya wavuvi, yenye baraza ya saruji mbele ambako wanaume walikunywa kahawa asubuhi na baada ya sala ya alasiri. Kaka Amisi alifika na mabegi mawili na sanduku moja la bati linalong'aa, lenye kufuli mbili. Alikuwa amekaa ng'ambo miaka sita akisoma. Alisema mashine waliyokuwa wakifanyia kazi imefungwa ili ijengwe upya, na mwalimu wake amemruhusu aje kuandika kitabu chake cha kumalizia masomo nyumbani, kwa mwaka mmoja. Alipewa chumba cha uani. Kilikuwa na ukuta wa buluu uliobambuka, kitanda cha kamba, na meza tuliyoitengeneza kwa ubao wa mlango wa zamani. Tundu la kitasa lilibaki pale pale katikati ya meza na kalamu zake zilikuwa zikidumbukia humo. Alikula kila nilichompa: ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo iliyochemshwa mpaka ikalegea kwenye mawese. Akishiba alikuwa akisema, "Stazia, huko nilikula sombe ya kopo," na mimi nilikuwa simwamini hata hilo. Nani ataweka sombe kwenye kopo?

Kusema kweli hakuna aliyemwamini. Barazani nilikuwa nikifagia taratibu ili nisikie. Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote.

"Miaka sita Ulaya, karudi na sanduku moja."

"Lenyewe lina kufuli mbili," akasema muuza kahawa. "Mtu anafungia nini kufuli mbili?"

"Mke."

Wakacheka, kisha fundi akashusha sauti, maana alijua nipo. "Mimi nasema kafukuzwa. Mtu aliyefukuzwa utamjua. Haombi chai, anangoja apewe."

Ndani nako hakukuwa tofauti. Bi Nyota alimpenda, lakini alikuwa akinusa mashati yake kabla sijayafua, sijui akitafuta nini. Aliniambia, "Kijana wa watu anakaa chumbani kutwa na kompyuta, umeme ukikatika anaandika, umeme ukirudi anaandika. Anamwandikia nani?" Na yeye Amisi alikuwa na shaka zake. Akienda msalani alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Mle chumbani nilifagia yeye akiwepo tu, miguu kaiinua, macho kwenye sanduku. Nyumba ile mwaka ule ilikuwa hivyo: watu watatu, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa kona ya jicho, na wote tunapakua chungu kimoja.

Siku moja nilikuwa uani napepeta dagaa kutoa mchanga, naye kakaa kwenye kizingiti, umeme umekatika. Nikamuuliza bila kuzunguka: Kaka, huko unafanya kazi gani hasa? Sikutegemea jibu. Akafikiri, kisha akaniuliza kama nimewahi kuitazama boti ya kwenda Mwamgongo inapopita karibu na mitumbwi.

"Nimeitazama."

"Nyuma yake kunakuwa na nini?"

"Wimbi."

"Na mtumbwi mdogo ukiwa pale pale nyuma, mahali penyewe, unakuwaje?"

"Unapinduka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na sisi yetu mingi inapinduka. Lakini ule usiopinduka, wimbi linaubeba. Unakwenda mbio bila kasia." Ndipo akaniambia kwamba wao boti yao ni mwanga. Mwanga wa leza, akasema, uliobanwa ukawa mfupi sana na mkali sana, wanaupiga kwenye gesi kidogo. Ule ukali unairarua gesi, vipande vyake vidogo kabisa, elektroni, vinang'oka na kuelea peke yake. Gesi iliyoraruka hivyo inaitwa plazma, ni ndugu wa radi na wa ile cheche ya mchomelea vyuma. Mwanga ukipita katikati ya plazma unazisukuma elektroni pembeni kama boti inavyosukuma maji, nyuma yake linabaki wimbi, na elektroni chache zikiwa mahali penyewe zinabebwa na lile wimbi mpaka zinakwenda mbio kiasi ambacho mashine nyingine hukifikia kwa kujengwa ndefu kama kutoka hapa hadi mwaloni. Wao waliifanya kazi hiyo ndani ya urefu usiozidi ukucha. Mashine ikiwa ndogo hivyo, akasema, siku moja hata hospitali ya mji kama wetu itaweza kuwa nayo, ya kutazamia ndani ya mwili na kutibia uvimbe. Kazi yake yeye ilikuwa kujua kwa nini baadhi ya elektroni hubebwa na nyingine huachwa.

"Na huo mwanga una ukali gani?"

"Ukikusanya karabai zote za kuvulia dagaa za ziwa hili, pande zote, Kongo na Burundi na Zambia, haziufikii. Ila unadumu kitambo kidogo sana, Stazia. Kidogo hata neno lake huku hatuna."

Hapo ndipo nilipomuona mwongo. La wimbi nililielewa, na mpaka leo naweza kulieleza. Lakini taa yenye nguvu kuliko karabai zote, halafu haidumu hata kupepesa jicho? Nikajisemea, huyu anaficha nusu. Kesho yake mwaloni, nikinunua dagaa, mama mmoja akaniuliza mgeni wetu anafanya kazi gani. Nikasema alivyosema: ana mwanga wenye nguvu kuliko karabai zote za ziwa. Ile nusu ya pili, ya kitambo kidogo, sikuisema. Sikuiacha kwa ubaya. Niliiacha kwa sababu sikuiamini, na mimi nilijisifu moyoni kwamba sisemi nisichokiamini.

Pale mwaloni kulikuwa na desturi ambayo mimi, mtu wa jembe, sikuijua. Taa mpya haikuingia ziwani kwa kificho. Mwenye nayo aliileta ufukweni mchana kweupe, wazee wakaiwasha juani, wakatazama kioo chake cha nyuma kinachorudisha mwanga, wakauliza ni ya mtumbwi gani, ndipo ikapewa ruhusa. Dagaa hufuata mwanga. Mwenye taa kubwa kuliko wenzake huwavuta dagaa wa mitumbwi yote, wengine wakarudi na nyavu zilizolowa tu. Kwa hiyo taa iliyofichwa haikuhesabiwa mali ya mtu. Ilihesabiwa wizi unaongoja siku yake, na hukumu yake ilikuwa kuzamishwa. Na msimu ule dagaa walikuwa wamepotea. Watu walikuwa wakitafuta sababu, mimi nikawapelekea moja kwenye sinia.

Wazee wa mwalo walikwenda kwanza kwa mwenyewe, kwa adabu. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Hilali, mkuu wa mwalo, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumsikia akigombana. Wakamwomba Amisi alete sanduku lifunguliwe ufukweni. Amisi akasema hana taa. Wakasema basi lifunguliwe, tuone kwamba hakuna. Nakumbuka jibu lake kwa sababu lilinishangaza, lilikuwa la mtu aliyechoka, bila kiburi: "Wazee wangu, nimefunguliwa mizigo kwenye kila mpaka niliopita. Nyumbani pia?" Isitoshe, akasema, vitu vyenyewe haviwezi vumbi wala mchanga. Wakaondoka wakitazamana. Mtu anayekataa kufungua ameshafunguliwa midomoni mwa watu.

Siku tatu baadaye Mzee Hilali akaniita nilipopita na ndoo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simbo hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nasikia nyumbani kwenu kuna taa."

"Mimi sijaona taa, Mzee."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Wake mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi tazama. Sikutumi kuiba. Utazame tu, uje useme ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

Lau angenipa zawadi ningekataa. Lau angenitisha ningemwambia Bi Nyota. Lakini aliniomba ukweli, na hicho ndicho kitu pekee nilichojiona ninacho. Alhamisi Amisi alikwenda Kigoma mjini kwenye duka la intaneti, akaacha suruali ya kufuliwa, funguo mfukoni. Nilifungua kufuli zote mbili. Ndani mlikuwa na vitu vya ajabu kwa uchache wake: vidude viwili vyeusi vyenye nyaya, ukubwa wa kitabu cha sala, na kioo kimoja cha duara kilichofungwa kwa karatasi laini. Kioo kilikuwa na rangi ya dhahabu, na katikati doa lililoungua, kama mahali pa sigara kwenye kitambaa cha meza. Nilikigusa. Kidole changu cha sabuni kiliacha alama, nikaifuta kwa kanga, ikazidi. Nikafunga. Jioni ile ile nikamwambia Mzee Hilali: taa sikuiona, nimeona kioo. Na vidude vyenye nyaya. Sikuongeza. Nimeshakipima kile kisa mara nyingi kuliko ninavyopenda, na kila mara nakuta sikusema neno hata moja la uongo. Faraja haimo humo.

Walikuja Ijumaa baada ya sala, wanaume sita, wakavua ndara mlangoni. Bi Nyota aliwakaribisha maji, hawakunywa. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu," Mzee Hilali akasema, "humo sandukuni kuna kioo?"

Amisi akamtazama mama yake mdogo. Kisha, nadhani, alinitazama mimi, lakini sina hakika, kwa sababu mimi nilitazama chini.

"Kipo."

"Cha kurudisha mwanga?"

Angeweza kusema ni cha kunyolea ndevu. "Ndiyo, Mzee. Cha kurudisha mwanga."

"Kilionyeshwa mwaloni?"

"Hiki si cha dagaa."

"Kilionyeshwa?"

"Hakikuonyeshwa."

"Basi umesema mwenyewe."

Hapo ndipo Amisi alipoelewa kwamba hawatanii. Akafungua sanduku kwa mikono yake, akatoa kioo, akawaonyesha doa, akasema kimeungua, kazi yake imekwisha, alikihifadhi kwa kumbukumbu tu, wakichukue. Lakini vile vyeusi viwili wamwachie. Humo ndimo ilimokuwa hesabu ya kila kitu walichokipima kwenye mashine, miaka yake mitatu. Fundi baiskeli akauliza vina nyaya za nini. Amisi akasema ni za umeme. "Na taa ina nyaya za umeme," fundi akasema, na siku ile hakuwa akichekesha. Walibeba sanduku zima. Amisi aliwafuata mpaka ufukweni bila viatu. Mimi sikwenda. Bi Nyota alikwenda, akarudi, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni mahali asipokaaga. "Wamepiga makasia mpaka pale maji yanapogeuka rangi," akasema. Kila mtu wa pale anajua maana yake. Kutoka hapo kwenda chini hakuna anayefuata kitu.

Na kama vile ziwa lilikuwa likitucheka, mbalamwezi ilikuwa inakwisha. Baada ya siku chache giza likarudi, dagaa wakarudi nalo kama wanavyorudi kila mwezi, safari ile kwa wingi. Mchanga wote ukameremeta kwa dagaa walioanikwa. Nani sasa angesema walikosea? Hata mimi kwa wiki nzima niliamini. Nilimpelekea Amisi chakula nikawa namtazama kama mtu aliyeponea chupuchupu kufanya wizi.

Yeye hakupiga kelele, wala polisi hakwenda. Alimuuliza Bi Nyota mara moja tu, nikiwa nasikia: "Nani aliwaambia kuna kioo?" Bi Nyota akasema mji una macho. Mimi nikaendelea kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mwalimu wake alimwandikia kwamba nakala zilizobaki kule, baada ya mashine kubomolewa, ni nusu tu. Kilichokuwa kimebaki kwake ni karatasi zilizochapwa, mamia, kila moja ina mchoro wa nukta nyingi. Akaamua azisome nukta moja moja kwa rula, aziandike upya namba zake. Macho yake yaliuma. Siku ya nne akaniita.

"Stazia, rula unaijua?"

"Naijua."

"Soma hapa."

Nikasoma. Akasoma yeye, tukalingana. Kuanzia hapo, kila nilipomaliza kazi za nyumba, nilikaa kwenye ule ubao wa mlango, mimi nasoma, yeye anaandika. Miezi mitano. Kila nukta, aliniambia, ni kifungu cha elektroni kilichowahi kupita, mara moja, asubuhi fulani, kwenye chumba fulani cha baridi, na hakitapita tena. Nilijifunza kukaa kimya na kitu kidogo mpaka kikaonekana. Nilijifunza kwamba namba inaweza kuwa na shaka na bado ikawa namba njema, mradi shaka yake imeandikwa pembeni. Sijawahi kusoma shule iliyonifundisha zaidi ya kile chumba cha buluu. Na kila siku humo nilikuwa mwizi.

Siku moja nilisitasita kwenye nukta iliyochapwa vibaya, nikataja namba tu ili tuendelee. Akaweka kalamu chini. "Kama huna hakika, sema huna hakika. Namba mbaya naweza kuirekebisha. Namba niliyofichwa ndiyo inayoniua." Hakuwa mkali. Alingoja. Bi Nyota alikuwa sokoni, na neno la kile kioo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikasema, "Sina hakika, Kaka." Akadhani nasema juu ya nukta. Akaandika alama ya shaka, tukaendelea.

Mwaka ulipoisha aliondoka na mabegi mawili. Baadaye alituma neno kwamba kitabu kimekubaliwa, na salamu kwangu kwa jina. Alituma salamu kila mwaka. Kila moja niliipokea kama mtu anayepokea sahani ambayo si yake.

Haya ya mwisho nimeyaongeza baadaye. Siku ya arobaini nilivaa kanga nyeusi, nikashuka kutoka Simbo. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wa nyumbani na majirani wakabaki uani. Mzee Hilali, ambaye sasa anashikwa mkono kutembea, alisema kwanza. Alisema kijana huyu mtaa wote tulimpenda, tulijua tangu zamani atafika mbali, tukamsaidia kwa kila hali. Watu wakaitikia. Sikuweza kujua kama anadanganya au kama miaka imemfanyia kazi hiyo bila yeye kujua. Bi Nyota akanigeukia.

Nilisimama. Nilisema, "Mimi ni Stazia. Kaka Amisi aliletewa wanaume sita hapa, sanduku lake likachukuliwa likazamishwa, na kazi ya miaka mitatu ilikuwa humo. Aliyelifungua na kusema kuna kioo ni mimi. Nilikaa naye baadaye miezi mitano na sikumwambia. Nimekuja kusema hilo." Kisha nikakaa. Bi Nyota alifunika uso kwa ukingo wa ushungi.

Aliyezungumza alikuwa binti yake Amisi, msichana mkubwa sasa, aliyekuja na ndege kwa ajili ya siku ile. Kiswahili chake ni cha baba yake, na lafudhi ile ile ya Ujiji. "Mama Stazia," akasema, "Baba alituambia lile sanduku aliliangusha mwenyewe ziwani. Kwa uzembe. Alikuwa akitusimulia kila tukipoteza kitu shuleni."

Mtu aliyeshindwa kusema kwamba kioo ni cha kunyolea ndevu. Kwa miaka yote hiyo, kwa watoto wake mwenyewe, alikuwa ametubebea kosa letu.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Baba yako hakuwa mzembe."

Akanisogelea, akakaa chini kwenye mkeka, akangoja niendelee. Nikamtazama Mzee Hilali, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa yake kama yalivyokuwa yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Mwambie yote," akasema. "Na jina langu ulitaje."